Bunduki Niliyoisifu Mara Tatu

Peshawar, 2 Septemba

Ninaandika shajara hii kwa sababu nataka kazi, na sioni haya kulisema hilo katika mstari wa kwanza. Daktari Humayun, mpasuaji mstaafu ambaye nyumba yake ya Hayatabad ina silaha za kale nyingi kuliko viti, anamtafuta msimamizi wa makumbusho anayokusudia kuyafungua. Tumebaki wawili tunaoishindania nafasi hiyo: mimi, na kijana mmoja wa Mardan mwenye baba tajiri. Sharti ni moja. Kila mmoja aanze mkusanyo wake, alete bunduki ya kale iliyo halisi, yenye historia inayoweza kusimuliwa mbele ya wageni, kabla theluji haijafunga njia za milimani. Atakayemridhisha atakabidhiwa funguo. Ametuagiza pia tuandike kumbukumbu. "Mkusanyaji asiyeandika," alisema, "ni mwizi mwenye subira."

Mimi ni Barialay, mhitimu wa historia, daraja la kwanza. Tangu baba afariki tunaishi kwa cherehani ya mama. Mama husema cheti changu pale ukutani ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii kisichodai kulishwa, wala chenyewe hakilishi mtu.

5 Septemba

Leo nimeingia sokoni kama mnunuzi kwa mara ya kwanza maishani. Nilivaa koti la mahafali na kuchukua kioo cha kukuzia. Duka la Haji Sangin limejificha nyuma ya wauza vyombo vya shaba. Bunduki zimeegemezwa ukutani humo kama wazee wanaosubiri kinyozi.

"Profesa!" aliniita kabla sijavuka kizingiti. "Miwani hiyo ni ya kusomea au ya kututisha bei?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba natafuta silaha ya karne ya kumi na tisa, yenye alama za kiwanda cha Kiingereza. Akaagiza chai ya kijani. Akanionyesha tatu, akazisema vibaya zote, kisha akaivuta ya nne kutoka chini ya zulia kana kwamba anamtoa binti yake asiyetaka kumwoza. Kwenye bamba lake palikuwa na taji la Malkia, mwaka, na jina la kiwanda.

"Una hakika ni ya kale, Haji?"

"Kale? Kijana wangu, hii ilikuwapo kabla ya meno yangu, na meno yangu yameshakwenda zake."

Nimeinunua. Akiba yangu ya ualimu wa jioni imekwisha, lakini nimerudi nyumbani nikiwa mkusanyaji.

9 Septemba

Daktari aliigeuza mara moja tu. "Soma jina la kiwanda," aliniambia. Nikasoma kwa sauti. "Sasa itazame herufi ya N." Mguu wake ulikuwa umeelekea upande usio wake. Aliyeichonga hakujua kusoma. Aliinakili kama mtu anavyonakili ua la zulia.

"Malkia alikuwa na kasoro zake," alisema Daktari, "lakini N aliijua."

Alicheka bila ubaya, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Kijana wa Mardan alikuwa amekaa kwenye sofa. Yeye hakucheka, aliangalia kucha zake.

10 Septemba

Nilikwenda kwa Haji Sangin nimejiandaa kwa hotuba.

"Uliniuliza kama ni ya kale, nikakwambia ni ya kale," alinikatiza. "Babu yangu ndiye aliyeitengeneza. Hukuniuliza Malkia alikuwapo au hakuwapo."

"Umeniaibisha mbele ya watu, Haji."

"Aibu ni karo, profesa. Chuoni ulilipa ngapi?" Alinimiminia chai. Nadhani alinihurumia, maana aliinamisha kichwa na kushusha sauti. "Sikiliza. Zilizo halisi hazifiki huku. Ziko juu milimani, Dir, kwenye kuta za vyumba vya wageni. Wenyewe hawaziuzi hata uwape dhahabu. Zile hazinunuliwi. Zinasifiwa."

Nilielewa papo hapo, kwa kuwa hakuna mtoto wa kwetu asiyeelewa. Ukisifu kitu katika nyumba ya mtu, mwenyeji hana budi kusema: ni chako. Nawe huna budi kukataa. Ndivyo adabu ilivyo. Kila upande una kamba yake, na kitu hubaki kilipokuwa.

"Sifu mara ya kwanza, ukatae," alisema Haji. "Sifu mara ya pili, ukatae. Ya tatu, mbele ya wageni wake..." Akafungua kiganja, akakifumba. "Atafanya nini? Atamnyima mgeni mbele ya watu? Lakini mimi sijakwambia kitu. Kunywa chai yako."

14 Septemba

Mvua. Sikutoka.

17 Septemba

Nimelikumbuka gobori la mjomba Zarghun. Nilipokwenda mara ya mwisho kijijini Tangai, huko Dir, miaka miwili iliyopita katika msiba wa bibi, niliona ukutani kwenye hujra yake, chumba chake cha wageni, gobori refu la gumegume lenye kitako kilichopinda kama mundu na nakshi za mfupa. Siku hiyo sikuwa na jicho la kuona. Sasa ninalo.

Nilimwambia mama kwamba nataka kwenda kuwasalimu watu wake.

"Nenda," alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Lakini usiende na macho ya mnunuzi. Hujra si duka."

Nilimwambia ananidhania vibaya.

22 Septemba, Tangai

Msimu wa kuvuna jozi, kokwa za miti ya milimani, umepamba moto. Kijiji kizima kina mikono myeusi kwa utomvu wa maganda, na watoto wanapigana kwa makokwa yake. Mjomba hayupo, ameteremshwa mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Mwanawe, binamu yangu Torgul, ndiye mwenyeji. Ana miaka ishirini, na kilemba cha baba yake kinamteleza masikioni.

"Msomi wetu!" alinikumbatia. "Wamekulisha nini huko Peshawar, karatasi? Kaa, kaa! Leteni mkate wa mahindi, leteni mtindi, huyu mtu anapeperuka!"

Gobori lipo. Ni zuri kuliko nilivyolikumbuka. Nitaandika kesho.

23 Septemba, njiani

Ninaandika garini, na gobori limelala miguuni pangu ndani ya blanketi la Torgul. Nitaeleza ilivyokuwa, kwa kuwa Daktari atataka kujua namna lilivyopatikana. Hata hivyo kuna sehemu ambazo sitamsomea.

Jana baada ya chakula hujra ilijaa wanaume waliotoka kutikisa miti. Nilisimama chini ya gobori nikasema kwamba sijapata kuona silaha nzuri kama ile. Torgul akasema, "Ni yako, ndugu yangu." Nikaweka mkono kifuani, nikakataa. Mazungumzo yakaenda kwenye bei ya jozi. Baadaye nikasema kwamba mtutu ule ungemshangaza mfalme. "Ni yako," akasema tena, na safari hii alicheka kidogo. Nikakataa. Niliona uzi mweusi wa sufu umezungushwa kwenye mtambo wake na kufungwa mafundo mengi, hata jiwe la gumegume halionekani. Nikauliza ni uzi wa nini.

Mzee mmoja alikohoa. "Mwanangu, gobori hilo..." alianza.

"Ni uzi wa baba tu," Torgul alimkatiza haraka. Nadhani alikuwa mwenyeji kwa mara ya kwanza, na hakutaka kufundishwa mbele ya mgeni.

Ningeweza kumgeukia yule mzee, kumwambia: endelea, baba. Sikumgeukia. Nilisema mara ya tatu, kwa sauti ya kufika mlangoni, kwamba mtu akiwa na kitu kama kile nyumbani kwake hana haja ya kitu kingine duniani.

Torgul alinitazama machoni, akingoja. Alikuwa akiningoja mimi. Kisha akasema, polepole, "Ni yako."

Nikasema, "Mungu akuzidishie."

Alilishusha kwa mikono miwili, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Mmoja mmoja walikumbuka punda wao, magunia yao, swala yao, wakaondoka. Asubuhi Torgul alinisindikiza mpaka barabarani na kunipa blanketi lake, maana kuna baridi na silaha haipendi umande.

24 Septemba

Nimeukata uzi kwa mkasi wa mama ili nipige picha ya mtambo. Mafundo yalikuwa magumu kuliko nilivyotarajia. Chini yake kuna alama ya Kampuni ya Waingereza, ileile ya vitabuni. Mtambo umetoka ng'ambo, mtutu umefuliwa milimani. Ni halisi. Nililia kidogo kwa furaha. Mama aliliona gobori, akauliza limetoka wapi. Nikasema ni zawadi. Akasimamisha cherehani.

28 Septemba

Nafasi ni yangu! Daktari alivaa glavu kuligusa. "Sitaki hata kuona atakacholeta mwenzako," alisema. Nimemkabidhi gobori, nami nimeshakabidhiwa funguo za makabati. Limewekwa katika kabati la kioo sebuleni, na chini yake kadi niliyoiandika mwenyewe: *Zawadi ya ukoo wa Tangai*.

2 Oktoba

Koti jipya. Mama amelipunguza mabega.

7 Oktoba

Torgul amepiga simu. Nilianza kumuuliza habari za jozi.

"Gobori, Barialay. Lirudishe."

"Torgul, ulisema mbele ya watu..."

"Nilisema! Na wewe ulitakiwa ukatae! Hujui kukataa? Huko chuoni waliwafundisha nini?" Alikuwa akilia, nami sikuwahi kumsikia akilia hata tulipokuwa watoto. "Lile si letu. Ni rehani ya Gulbaz."

Haya ndiyo aliyonieleza. Gulbaz ni mtu mwenye nguvu pale kijijini. Shemeji yake, mjane aitwaye Bakhtzamina, alirithi kwa mumewe miti ya jozi ya kando ya mfereji, na Gulbaz anadai miti ile ni ya ukoo, haiwezi kubaki mkononi mwa mwanamke. Mwaka juzi karibu damu imwagike. Jirga, baraza la wazee, ikaamua kila mtu anyamaze mpaka shauri liishe, na Gulbaz akatoa gobori la babu yake liwe rehani ya neno lake. Wazee walilifunga uzi kwa mikono yao wakamkabidhi mjomba Zarghun. Uzi ukiwa mzima, mkono wa Gulbaz umefungwa. Mkono wake ukimgusa mjane au mti wake, gobori linachomwa moto hadharani, na jina la babu yake linachomwa nalo.

"Juzi alikuja kunywa chai," Torgul alisema. "Akaangalia ukuta. Akaona msumari. Unajua alisema nini? Akacheka. Akasema, 'Mlinifunga mkono kwa uzi, sasa wenyewe mmeukata.'"

"Baba yako anajua?"

"Baba ana bandeji macho yote mawili. Hajui. Ukuta hauoni. Lirudishe kabla hajafunguliwa."

Nilimwambia nitalirudisha. Halafu nilikaa na koti langu jipya mpaka adhana, nikitafuta namna ya kulirudisha bila kuipoteza kazi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

9 Oktoba

Nilijaribu jambo ambalo hata kuliandika ni aibu. Daktari alikuwa na wageni. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikasema, "Daktari Sahibu, silaha hii ni ya ajabu."

"Ahsante," akasema.

Baadaye: "Nyumba yenye kitu kama hiki imebarikiwa."

"Ahsante sana, Barialay."

Mara ya tatu nilisema kwa sauti kubwa mno. Mgeni mmoja alinitazama. Daktari alisema, "Una jicho zuri," akawageukia wageni, akawaonyesha upanga wa Bukhara.

Yeye amekulia mjini. Kamba ile haina ncha upande wake.

10 Oktoba

Daktari yuko Islamabad. Funguo za kabati ninazo. Ningeweza kulichukua na kuondoka. Sijalichukua. Nimejiambia kwamba huo ungekuwa wizi, na kwamba nitasubiri arudi ili mambo yaende kwa utaratibu. Lakini naona kwamba nasubiri kwa sababu kusubiri ni rahisi.

11 Oktoba

Bado hajarudi. Simu ya Torgul sikuipokea.

13 Oktoba

Wameikata miti.

Torgul hakupiga, aliyepiga ni mjomba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani. Gulbaz na wanawe waliingia kwa misumeno mchana kweupe, wakati wa swala ya Ijumaa, wakaangusha miti yote ya Bakhtzamina ikiwa bado na jozi juu. Mjane alitoka na fimbo ya kutikisia. Hakuna aliyempiga. Walimzunguka tu wakikata, kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Mjomba," nilisema, "jirga itamtoza."

"Itamtoza kwa lipi? Neno lake lilishikwa na rehani, na rehani ilishikwa na mimi. Iliyovunjika kwanza ni amana yangu. Gulbaz hana kosa, mwanangu. Hivyo ndivyo sheria yetu ilivyo, na mimi ndiye niliyewafundisha wengine kuisema. Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone. Torgul hajala tangu juzi."

14 Oktoba

Nilimwambia Daktari kila kitu, nimesimama. Alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Uliponiletea," alisema, "palikuwa na kipande cha uzi mweusi kimebaki kwenye skrubu. Nilikiona. Nilikitoa kwa kibano, nikakitupa. Sikukuuliza." Alifungua kabati mwenyewe. "Lichukue. Na funguo ziache hapo mezani. Sikufukuzi kwa hasira. Mimi ni mzee, nitatamani vitu mpaka nife; nahitaji mtu atakayenikataza. Wewe si mtu huyo."

"Nitakuwa," nilisema.

"Pengine. Kwa mwingine."

Nafasi amepewa kijana wa Mardan. Inasemekana hakuwa ameleta bunduki yoyote. Alimwambia Daktari kwamba aliyoipenda, wenyewe hawakuwa radhi kuitoa.

17 Oktoba, Tangai

Nimelipeleka. Mjomba ana kitambaa kwenye jicho moja sasa. Alilipapasa gobori toka mdomo wa mtutu mpaka kitakoni, akafika kwenye mtambo, na vidole vyake vikatafuta uzi.

"Msumari bado upo, mjomba," nilisema. "Niruhusu nilitundike."

"Hapana. Pale palitundikwa mapatano. Hii sasa ni bunduki tu."

Alimwita Gulbaz, akamrudishia mali yake mbele ya wazee, kisha akawaambia wasimkabidhi tena kitu cha mtu. Amekuwa akishika amana za bonde hili tangu mimi sijazaliwa. Hakuna mzee aliyembishia. Hilo ndilo lililomwinamisha. Gulbaz alilipangusa gobori kwa mkono wa kanzu.

"Nakushukuru, msomi," aliniambia, akicheka kwa meno yote. "Umenirudishia bunduki, umenirudishia na mkono. Ukioa, niite nije nifyatue."

Nikiondoka nilimtafuta Torgul. Alikuwa akipasua kuni.

"Ningeweza kukataa," alisema bila kunitazama. "Wote wananiambia hivyo. Torgul, si ungekataa tu! Lakini wewe ulijua siwezi. Ndiyo maana ulisubiri watu wajae."

Nilimrudishia blanketi lake. Akalipokea, akalitundika kwenye uzio, akaendelea na kuni.

26 Oktoba

Nafundisha tena jioni.

4 Novemba

Theluji imeonekana kwenye vilele. Mjomba amempa Bakhtzamina shamba lake la mahindi la chini ili apate cha kula, na Torgul amekubali bila neno, ingawa ndilo angepewa siku akioa. Nilituma nusu ya mshahara wangu wa jioni. Umerudishwa na dereva yuleyule, ndani ya bahasha ileile.

9 Novemba

Nilimwambia mama nitapanda Tangai, nikasimame mlangoni kwa mjane, nimvulie kofia, nimchinjie kondoo, kama watu wafanyavyo wanapoomba kusamehewa.

"Kondoo wa nani?" mama aliuliza. "Na nani atayaona machozi yako, wewe au yeye? Hujra nzima uliijaza watu ulipotaka kitu. Sasa unataka kuijaza tena." Akavaa shuka lake la safari. "Mimi ndiye nitakwenda. Mwanamke huyo tulicheza naye mferejini. Wewe kaa."

15 Novemba

Mama amerudi. Alivua viatu, akanywa chai yake yote kabla ya kusema neno, nami nilikuwa nimesimama kama mshitakiwa.

"Nilimwambia mwanangu anataka kuomba radhi," alisema hatimaye. "Akaniuliza, 'Anajua mti wa jozi unachukua muda gani kuzaa?' Nikamwambia hajui, amesoma vitabu. Akasema, 'Mwambie basi. Ukiupanda leo, atakayekaa kivulini mwake ni mtoto ambaye mama yake bado hajazaliwa. Mume wangu alikuta imepandwa na babu yake. Hiyo ndiyo aliyoiangusha mwanao.'"

"Mama, mimi sikui..." Nikajizuia. Sikumaliza sentensi hiyo, na natumaini sitaimaliza kamwe.

"Kondoo hamtaki. Pesa hazitaki. Kukusamehe hakusema, wala mimi sikumuuliza. Amesema ardhi bado haijaganda, na miche imo kitaluni kwa mtu wa mji wa Timergara, na yeye mgongo wake haupindi tena. Na amesema hutapanda siku moja ukarudi mjini kusimulia. Miche hunywa maji kila wiki mpaka mwaka wa tatu. Akikuona mara moja tu, asikuone tena."

Nikamuuliza mama, na kazi yangu ya jioni je? Akanitazama hadi nikajibu mwenyewe.

Nimemwandikia mkuu wa shule barua ya kuacha kazi. Nimeandika kwa kifupi, bila maneno makubwa. Miche nimeiagiza kwa simu; itapakiwa Jumapili.

Nimepangiwa Jumatatu, tarehe 18 Novemba, saa moja asubuhi, kwenye visiki kando ya mfereji. Niende peke yangu, na jembe.